Una bastola ya leseni na umechokozwa barabarani: unatuliaje?

Dereva_Fuoni

Assalaam alaykum wanabaraza.

Kazi yangu ni kukusanya fedha za mauzo kwenye maduka ya shamba na kuzileta mjini, na kwa ajili hiyo nina bastola ya leseni. Siku za kazi huwa nayo garini. Mafunzo nimepita na masharti ya leseni nayajua, kwa hiyo sikuja kuuliza habari za kulenga. Nauliza habari za hasira.

Njia ya Mwanakwerekwe, hapa Unguja, saa kumi na moja jioni kila mtu anaijua. Daladala inasimama katikati ya njia kushusha, vespa moja inakupita kulia na nyengine kushoto, bodaboda anakugonga kioo cha pembeni kisha yeye ndiye anayetukana. Mara nyengine mtu anashuka kabisa kwenye gari yake, anakuja dirishani amevimba. Dereva mikono mitupu akipandisha naye, mwisho wake ni maneno, pengine na kofi. Mwenye silaha akipandisha, mwisho wake hauna mdhamini.

Naomba mnaojua mnieleze kwa vitendo, si "subira tu". Silaha ikae wapi? Mikono ikae wapi? Mtu akija dirishani nifanye nini, na akinifuata niende wapi? Na ile dakika ya mwanzo damu inapochemka, mwili unashushwaje?

Mwalimu_wa_Gia

Wa alaykum salaam ami. Nianze na gari, maana ndiyo kinga yako ya kwanza na ndiyo watu wanayoisahau. Ina milango yenye kufuli na ina uwezo wa kuondoka. Mtu mwenye uwezo wa kuondoka hana haja ya kushindana. Tabu ni kwamba madereva wengi hujinyima wenyewe uwezo huo kwa kujibana nyuma ya gari ya mbele.

Ukisimama kwenye foleni, simama pale ambapo unaiona mipira ya nyuma ya gari ya mbele inavyogusa lami, na kipande cha lami kinabaki baina ya mipira ile na boneti yako. Kwa gari ndogo hiyo ni kama mita 3 hadi 4. Kwenye gari iliyo juu na yenye pua fupi, mfano wa Hiace, kipimo hicho kinadanganya: unaiona mipira hata ukiwa karibu mno. Huko acha nafasi ya gari ndogo moja nzima. Nafasi hiyo inakuwezesha kukata usukani mara moja ukatoka, bila ya kurudi nyuma kwanza. Mtu akishashuka anakujia, hutapata muda wa kwenda mbele na nyuma mara tatu.

Kwenye mwendo, sekunde 3. Gari ya mbele ikipita nguzo, hesabu pole pole moja, mbili, tatu, ndipo wewe uifikie nguzo ile ile. Kwa kilomita 60 kwa saa unakwenda karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo ni mita 50 hivi. Masika, lami ikiwa na maji, zidisha. Najua utasema ukiacha mita 50 huku kwetu watakuingilia. Waache waingie. Kila anayeingia anakurudisha nyuma sekunde 3; wakiingia 10 baina ya Mwanakwerekwe na Michenzani, umechelewa nusu dakika. Hakuna fedha wala heshima iliyopotea katika nusu dakika.

Honi: mguso mmoja mfupi, na iwe kwa hatari tu. Honi ndefu ni tusi, na anayetukanwa atajibu. Taa za mbele usimuwashie mtu mara mbili mbili ukiwa na ghadhabu, kwa sababu huku kwetu alama hiyo hiyo mmoja huielewa "pita" na mwengine "nakuja, toka". Kwenye ugomvi ataielewa kwa ubaya. Mkono: kiganja wazi juu, au kiganja kifuani. Si kidole, na usitingishe kichwa. Macho yako yaangalie njia, si uso wake.

Mtu akishuka anakuja, fanya haya kwa mpangilio:

Kioo pandisha mpaka ubaki upenyo wa vidole viwili. Sauti inapita, mkono haupiti. (Hapa ndipo AC inapoingia. Joto letu hili, AC ikiwa mbovu kioo kinashuka na hakipandi tena. Kwa dereva mwenye silaha AC mbovu ni hitilafu ya usalama, itengenezwe kama unavyotengeneza breki.) Milango iwe imefungwa kwa kufuli tangu ulipowasha gari, si wakati huo.

Gari ibaki kwenye gia, mguu kwenye breki, usivute breki ya mkono. Lakini akiwa mbele ya boneti yako usisogee hata kidogo. Gari inayomsogelea mtu aliyesimama ni silaha, na utaulizwa kama mwenye silaha.

Mikono miwili juu ya usukani, anaiona. Kisha sentensi moja, sauti ya chini: "Niwie radhi ndugu yangu, pita tu." Hata kama kosa ni lake. Useme mara moja, unyamaze. Anayerudia rudia kuomba radhi huonekana anabisha. Ikiwa magari yamegusana usiingie kwenye nani mwenye kosa. Muulize kama ameumia, kisha "tusubiri trafiki".

Na la mwisho kwa leo: usishuke. Njia ikifunguka, na magari hayakugusana, ondoka kwa mwendo wa kawaida.

Mlinzi_Mstaafu

Mwalimu kasema ya gari, mie nitasema ya chuma chenyewe.

Gari zetu usukani uko kulia. Mkanda unashuka kutoka bega la kulia na unafungwa nyonga ya kushoto. Sasa tazama bastola itakaa wapi. Ukiiweka nyonga ya kulia, iko baina yako na mlango, chini kabisa ya kioo. Mtu aliyeinama dirishani anaiona kabla hujasema neno, na kioo kikiwa chini mkono wake uko karibu nayo kuliko wako uliobanwa na mlango. Ukiiweka kushoto, inagombana na kifungio cha mkanda. Kila ukifunga na kufungua unaisukuma. Tumboni, mkanda unapita juu yake na shati linakunjika. Hakuna pahala pazuri mwilini kwa mtu aliyekaa nyuma ya usukani. Huo ndio ukweli wake.

Pahala pabaya zaidi ni chini ya kiti. Ukikanyaga breki kwa nguvu ukiwa kilomita 50 kwa saa, kitu kisichofungwa kinateleza mbele kuja miguuni, na kikikaa nyuma ya pedali ya breki hutaweza kuikanyaga tena. Mfuko wa mlango: kila anayefungua mlango anaikuta. Kisanduku cha dashibodi: mtoto au abiria anatafuta tishu, anaikuta. Juu ya kiti cha abiria sisemi kitu, sidhani kama kuna mtu wa kufanya hivyo.

Ninavyoshauri: kisanduku kidogo cha chuma chenye kufuli, kimefungwa kwa waya mnene wa chuma kwenye reli ya kiti cha nyuma au ndani ya buti, risasi hazimo chemba (tundu ambamo risasi hukaa tayari kupigwa). Ufunguo usiwe kwenye bando moja na wa gari. Utaniambia "nikivamiwa sitaiwahi". Kweli, hutaiwahi. Lakini hesabu mara ngapi kwa mwezi unavamiwa na mara ngapi kwa siku unachokozwa. Kisanduku kinakukinga na lile linalokukuta kila siku.

Kama kazi yenyewe inakulazimisha uwe nayo mwilini wakati una mzigo wa fedha, sawa, mfuko wa bastola uwe mgumu, unafunika kifyatulio chote, na shati refu lisilobana. Ila fedha zikishaingia benki, kazi ya silaha imekwisha. Irudi kisandukuni kabla hujawasha gari kurudi nyumbani. Foleni ya jioni ya Mwanakwerekwe uwe dereva kama madereva wengine. Huna mzigo, huna sababu.

Jengine: iguse mara mbili tu kwa siku, unapoivaa na unapoivua, ukiwa umesimama, pahala palipotulia, mdomo wake ukielekea pahala salama. Kuichomoa na kuirudisha ukiwa kwenye kiti ndipo risasi zinapotoka bila ya kukusudiwa. Pindo la shati au la kanzu huingia kwenye kifyatulio wakati wa kuirudisha mfukoni, mtu anasukuma, inalia.

Kuhusu kushuka, naongeza juu ya Mwalimu. Sie watu wetu ni waamuzi. Ugomvi ukitokea Darajani au Kariakoo, dakika haijesha watu wameshajaa, na namna yetu ya kuamua ni kumkumbatia mtu kiunoni kutoka nyuma na kumvuta. Mwamuzi mwenye nia njema kabisa, mikono yake inatua juu ya bastola. Hapo ama atapiga kelele "ana bunduki", ama ataishika. Yote mawili ni maafa.

Muuguzi_Chake

Assalaam alaykum. Mimi nitajibu la damu kuchemka.

Unapokatiwa njia ghafla, mwili unamwaga adrenalini kabla akili haijapima lolote. Moyo unakwenda mbio, misuli ya mikono na taya inakaza, macho yanabana yanaona kitu kimoja tu kama unachungulia kwenye bomba, na masikio yanapunguza kusikia. Vidole vinapoteza kazi ndogo ndogo: kubonyeza simu, kutia ufunguo, yote yanakuwa magumu. Mtu katika hali hiyo anaweza kumwona jamaa ameshika simu akaamini ameshika kisu. Haongopi, ndivyo alivyoona. Kwa hiyo uamuzi wowote mkubwa katika dakika zile za mwanzo ni uamuzi wa mtu asiyeona vizuri.

Hali hii haiondoki hapo hapo. Kilele chake ni cha dakika chache, lakini kutetemeka na ukali wa maneno huweza kukaa dakika 20 mpaka saa nzima. Ndiyo maana mtu akichokozwa Amani anakwenda kugombana na mwengine kabisa Bububu, na wa pili ndiye anayepata kipigo cha wa kwanza.

Cha kufanya, kwa utaratibu huu:

Kwanza mikono. Legeza usukani mpaka vifundo vya vidole virudi rangi yake. Shusha mabega, achanisha meno. Mwili ukiulegeza, moyo unafuata.

Pili pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa kwa mdomo ukihesabu 6 mpaka 8. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Hapo ndipo ilipo dawa, kwa sababu moyo hupunguza mwendo wakati wa kutoa. Mara 5 au 6, ni dakika moja hivi. Kuvuta pumzi kubwa kubwa kwa haraka ni kinyume chake: kunakuzidishia kizunguzungu na ganzi ya midomo. Anayetaka, atoe pumzi huku akisoma "audhu billahi mina shaitani rrajimi" pole pole, inakaa vizuri kabisa kwenye hesabu ya 6, na ndilo neno ambalo Mtume (S.A.W.) alilitaja kwa mtu aliyeghadhibika.

Tatu maneno. Jisimulie kilichotokea kama anavyoandika trafiki: "gari nyeupe imeingia mbele yangu bila ya ishara." Usiseme "amenidharau". Gari umeiona, dharau umeitia wewe. Huyo mtu pengine anakimbiza mgonjwa Mnazi Mmoja, pengine ni mgeni wa vespa ya kukodi asiyejua njia. Huna haja ya kujua ni lipi.

Nne macho. Yapeleke mbali mbele, kisha kioo cha kati, cha kulia, cha kushoto. Unazunguka hivyo mara mbili tatu, ule ubanaji wa macho unafunguka.

Yako mambo yanayoanza kabla ya safari. Njaa, kiu, kulala kwa muda wa saa nne tu, kahawa juu ya tumbo tupu. Na Ramadhani. Nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi ndiyo mbaya kuliko zote, Unguja na hata huku kwetu Chake, kwa sababu kila mtu anakimbilia futari ya nyumbani. Weka tende 3 na chupa ya maji garini. Adhana ikikukuta Tunguu, weka gari pembeni, fungua, endelea na safari yako. Ukishajua kwamba huna cha kukimbilia, nusu ya hasira ya njiani huikuti kabisa. Na ukitoka kazini umeshakasirika na mtu, siku hiyo silaha irudi kwenye sefu na fedha zisubiri kesho.

Utingo_116

Nasema upande wetu wa daladala, ili muweze kutusoma kabla hamjakasirika. Dereva wa daladala hasikilizi kioo, anasikiliza bodi. Abiria au utingo akigonga bodi, gari inasimama, mara nyingi ndani ya mita 20 au 30. Ukiwa nyuma yetu mtazame utingo. Akitoa mguu kwenye ngazi, au akitoa mkono nje akaushusha, tunasimama. Ukiona kundi limesimama chini ya mti na mmoja ananyoosha mkono, tunasimama. Haya unayaona sekunde kadhaa kabla ya taa ya breki, na gari nyengine hata taa hiyo haiwaki. Simtetei anayesimama katikati ya njia, ni kosa. Lakini kisichokushtua hakikukasirishi.

Dereva_Fuoni

Nawashukuru nyote, Allah awalipe. Mzee Mlinzi, la kisanduku nimelichukua na la kuitoa mwilini fedha zikishafika benki pia, sikuwahi kulifikiria hivyo.

Nina maswali mawili. Kuna wanaosema inatosha kuionyesha tu, mtu aione, atafute njia yake bila ya kuguswa. Hii imekaaje? La pili, akinifuata kwa gari.

Karani_wa_Mahakama

La kwanza nitalijibu mimi, kwa urefu, kwa sababu ndilo linalowapeleka watu ndani.

Kuionyesha si kitu kidogo kilicho chini ya kuitumia. Kumwonyesha mtu silaha ili atishike ni kumtishia kwa silaha, na kosa linakamilika pale pale, hata kama risasi hazimo, hata kama hukunyoosha mkono. Kuinua shati ni kuionyesha. Kuiweka juu ya dashibodi ni kuionyesha. Kumwambia "unajua nimebeba nini?" ni tishio. Na leseni haikusaidii hapo. Leseni ndiyo ya kwanza kuondoka, kwa sababu ulipewa kwa kuaminiwa kwamba huna tabia hiyo.

Sasa kujitetea. Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2018, haimnyimi mtu haki ya kujilinda, lakini haki hiyo ina mipaka. Nguvu unayotumia iwe ya lazima na iwe inalingana na hatari iliyo mbele yako wakati ule. Matusi si hatari ya maisha, hata yawe ya mama. Kupigwa teke mlango si hatari ya maisha. Kuvunjwa kioo cha pembeni ni hasara ya mali, inalipika. Ikiwa ulikuwa na njia ya kuondoka, utaulizwa kwa nini hukuondoka. Na hatari ikishapita, haki ya kujilinda imepita nayo. Aliyekutukana akarudi kwenye gari yake akaondoka, ukamfuata, kuanzia hapo wewe ndiye mshambulizi, na yeye ndiye anayejilinda. Mtu asijidanganye kwamba anamfuata "kuchukua namba tu".

Kupiga hewani nako ni mlango wa balaa. Risasi ya bastola ya milimita 9 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kutua. Kutoka Kariakoo kilomita moja ni kila upande nyumba, skuli na misikiti.

Wanaosema "ataiona ataogopa" wanamhesabu mtu mwenye akili iliyotulia. Huyu hajatulia, Bi Muuguzi kashaeleza. Anaweza kuogopa, anaweza kukurukia, na anaweza kurudi na wenziwe kumi. Ukishaitoa hujabakiwa na hatua ndogo ya kuchukua baada yake. Sisi Waislamu tumeambiwa na Mtume (S.A.W.) tusimwelekezee ndugu silaha, kwa kuwa mtu hajui, huenda shetani akauchezesha mkono wake akaangukia kwenye shimo la moto. Hilo peke yake lingetosha.

Kuna na hili ambalo wenye silaha wajipime nalo. Marekani, ambako madereva wengi hubeba bastola, watafiti wa Harvard walichapisha mwaka 2006 uchunguzi wa madereva zaidi ya 2,400. Waliowahi kuwa na bunduki garini ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuulizwa, 23 katika kila 100 walikiri kuwafanyia wenzao ishara za matusi. Wasiokuwa nayo ni 16. Kumfuata mwengine kwa ukali, 14 kwa 8. Haithibitishi kwamba chuma ndicho kinachomkasirisha mtu. Pengine wenye hasira ndio wanaopenda kubeba. Lakini inavunja ile kauli kwamba mwenye silaha hutulia kwa sababu anajiamini.

Mwalimu_wa_Gia

La kufuatwa nalichukua mimi.

Kwanza hakikisha. Nenda kwenye raundabauti, hata ile ya Michenzani, zunguka mara mbili kamili kwa mwendo mdogo, ishara yako ikiwa imewashwa. Hakuna mtu anayezunguka mara mbili nyuma yako kwa bahati. Kama uko shamba, punguza mpaka kilomita 30 kwa saa kwenye njia iliyonyooka, kaa kushoto mwa njia, mpe nafasi ya kukupita. Akikataa kupita, umepata jawabu.

Usiende nyumbani. Ukienda umemwonyesha mlango wako. Usiingie vichochoro vya Ng'ambo wala vya Mji Mkongwe, njia ikizibwa na mkokoteni mmoja tu umekwama. Kaa njia kubwa, yenye taa na watu, na uelekee kituo cha polisi kilicho karibu: Madema, Malindi, Ng'ambo, Bububu, kwa upande uliopo. Piga 112 kwa spika, au bora abiria apige. Sema ulipo kwa alama inayojulikana, unaelekea wapi, rangi na namba ya gari inayokufuata, na kwamba wewe una silaha ya leseni na iko wapi. Hilo la mwisho watu hulificha kwa woga. Lisemwe mapema, askari watakaokuja wawe wanalijua.

Ukifika, egesha pua ikiangalia nje, mbele ya mlango wa kituo, usizime injini mpaka askari atoke. Mara nyingi anayekufuata akiona kituo anapita moja kwa moja. Akipita, mwache. Usigeuze gari.

Namba yake ya gari usiitegemee kumbukumbu, iseme kwa sauti mara tatu au mwambie abiria aandike. Kamera ndogo ya kioo cha mbele nayo inasaidia kwa njia mbili: inaweka ushahidi, na mtu anayejua anarekodiwa, wewe mwenyewe kwanza, huchunga ulimi wake.

Dereva_Fuoni

Nimeelewa. Bado moja: trafiki akinisimamisha baada ya hayo yote, au askari akija kwenye ugomvi, namwambiaje kwamba ninayo bila ya kumshtua?

Mlinzi_Mstaafu

Egesha kushoto, zima injini, kama ni usiku washa taa ya ndani. Shusha kioo chote. Mikono juu ya usukani, vidole wazi. Usianze kutafuta leseni kabla hajafika. Akiwa nyuma anachoona ni bega lako likiinama, na hajui unafuata nini.

Akifika mwamkie kwanza, kisha sema kwa mpangilio huu: "Afande, nina silaha ya leseni. Ipo kwenye kisanduku, nyuma, imefungwa. Leseni ya silaha na ya udereva zimo mfuko wa shati wa kushoto. Nifanye nini?" Anza na leseni, malizia na swali. Usianze na neno "bunduki" peke yake ukanyamaza.

Kama iko mwilini, mwambie upande gani, na usielekeze kwa mkono. Mkono ukishuka kiunoni huku mdomo unasema "ipo hapa", yeye ataangalia mkono. Akikuambia uitoe, muombe kwa adabu aichukue yeye mwenyewe au akuelekeze hatua kwa hatua, na kila hatua uitaje kabla ya kuifanya: "Nafungua mkanda sasa." "Nashuka sasa."

Kama umekuta ugomvi una majeruhi na askari ameshaanza kuandika watu, mwambie hayo hayo kabla hujatoa maelezo ya ajali. Majeruhi apewe PF3 (fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali) apelekwe hospitali kwanza. Maelezo yako yawe mafupi: ulikuwa wapi, unaelekea wapi, gari ipi ilifanya nini. Tusi aliyokutukana usiirudie labda uulizwe, kwa sababu ukiirudia utapandisha tena, na yeye amesimama hatua nne kutoka ulipo.